NAMBA YA AKAUNTI YA CHAMA NI MALI YETU SOTE

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakuhudhuria.)



Nimeombwa niseme machache juu ya kompyuta iliyowekwa ofisini kwetu. Kuanzia msimu huu karani hataandika ankara kwa mkono. Hati ya kumdai mnunuzi wa pamba ushuru wa chama itatoka kwenye programu. Jambo hilo ni jema. Lakini kabla ankara ya kwanza haijatoka, kuna kazi moja isiyofaa kuachiwa karani peke yake, nayo ni kuandika akaunti ya benki ya chama ndani ya programu hiyo.

Kwa nini? Kwa sababu akaunti huandikwa mara moja tu. Baada ya hapo kila ankara inabeba namba ile ile, na mnunuzi analipa hapo bila kuuliza. Namba ikiwa sawa, ankara mia ni sawa. Ikiwa ya mtu mwingine, ankara mia zinampelekea mtu huyo jasho letu.

Ndugu zangu, wakulima wa pamba wa huku kwetu walianza ushirika kwa sababu ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walichoka kupunjwa, wakaweka watu wao wa kuangalia pamba ikipimwa. Vyama vikakua, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, Ndugu Paul Bomani akiwa kiongozi. Wazee wale walisimama pale mshale wa mizani ulipo. Leo pahali pa kusimama ni pale namba ya akaunti inapoandikwa.

Basi tufanye hivi:

KWANZA: Akaunti iwe ya chama, kwa jina lile lile lililo kwenye hati ya usajili. Isiwe ya mwenyekiti, wala ya mhasibu, wala namba ya simu ya mtu, hata akiwa mwaminifu namna gani. Watu huhama, hugombana, na hufa. Chama kinabaki.

PILI: Namba inakiliwe kutoka kwenye karatasi ya benki yenyewe, siyo kutoka kichwani wala kwenye meseji. Mmoja asome, wa pili achape, wa tatu akague, tarakimu moja moja. Namba ikianza na sifuri, sifuri hiyo si pambo. Kompyuta nyingine huila, na namba ikipungua siyo ya kwetu tena. Jina la benki na la tawi yaandikwe pia.

TATU: Ichapwe ankara moja ya majaribio. Tulipe fedha kidogo kwa kufuata karatasi hiyo, halafu tuulize benki kama zimeingia. Ukilipa kwa simu, mara nyingi jina la mwenye akaunti hutokea kabla hujathibitisha. Tulisome jina hilo.

NNE: Karani awe na neno lake la siri la kutolea ankara. Ruhusa ya kubadili akaunti iwe kwa mwingine, na asiiguse bila muhtasari wa Bodi uliotiwa saini.

TANO: Wanunuzi wapelekewe barua yenye muhuri kwamba akaunti yetu ni hii, na hatutaibadili kwa simu wala kwa meseji. Nyote mnaijua ile meseji ya matapeli: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Msidhani ni sisi wa kijijini tu tunaotegwa hivyo. Hata makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani yameibiwa namna hiyo. Mwizi anajifanya muuzaji, analeta ankara safi kabisa, kila kitu sawa, ila namba ya akaunti ni yake.

Wapo watakaosema, "Katibu, mnamshuku karani?" Hapana jamani. Kuangalia mizani siyo kumwita mpimaji mwizi. Namba ikikaguliwa na watu watatu, siku fedha zikichelewa hakuna atakayemnyooshea karani kidole ovyo. Ukaguzi unamlinda yeye pia.

Wengine watauliza kama namba ni siri. Si siri. Kwa namba peke yake mtu huweka fedha tu. Kutoa kunahitaji saini za wale tuliowachagua. La kufichwa ni neno la siri. Kwa hiyo naliomba mkutano likubaliwe hili: namba iandikwe kwa herufi kubwa kwenye ubao huu, na nakala ya ankara moja ibandikwe kando yake kila mwezi. Ndugu yangu wa darasa la kisomo, hata kama umeanza mwaka huu, tarakimu unazijua. Pita hapa, linganisha. Ukiona hata moja imebadilika, usiende kunong'ona kilabuni. Njoo ofisini siku hiyo hiyo, uliza.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari letu sasa ni kompyuta. Lakini macho ya kulisoma ni yetu sisi.



USHIRIKA NI NGUVU.