Jina Lako Kwenye Daftari la Wakopaji

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Mtwara)

 

Nimetakiwa niseme juu ya mikopo, na hasa juu ya kile ambacho siku hizi benki hukiita alama za mkopaji. Naona wazee wenzangu wanacheka. Wanakumbuka nani alikuwa akikopa sukari bweni zima.

Nianze na kosa langu. Mwaka 1991 nilikuwa katibu wa kamati ya mikopo ya chama cha akiba na mikopo kazini kwetu. Mwenzetu mmoja, aliyenitangulia darasa moja hapa shuleni, alileta ombi la fedha za kununulia bati. Kijiweni ilisemwa kwamba ana madeni Mikindani. Hatukuuliza madeni gani, wala ya nani. Tulikataa, na barua ya kumkatalia niliiandika mimi. Masika ile watoto wake walinyeshewa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa mdaiwa alikuwa mtu mwingine mwenye jina kama lake. Nanyi mnayajua majina ya pwani yetu: ita Hamisi Mohamedi pale feri ya Msangamkuu, watageuka watu watano. Ndugu yule yupo hapa, safu ya tatu. Jana aliniruhusu niyaseme haya.

Siku zile sifa ya mkopaji ilikaa midomoni mwa watu. Mwenyewe hakuiona, basi angeisahihishaje? Sasa inaandikwa. Kwa kanuni za mwaka 2012, Benki Kuu ya Tanzania ina kanzidata ya taarifa za wakopaji. Mabenki hupeleka humo habari za mikopo yao: nani amekopa, kiasi gani, analipa kwa wakati au amechelewa siku ngapi. Kampuni zenye leseni, ambazo mbili za kwanza ni Creditinfo na Dun & Bradstreet, huzichambua habari hizo na kutoa taarifa pamoja na alama. Ukienda kuomba mkopo, ofisa huitazama taarifa hiyo kabla hajakuitikia.

Kinachopandisha alama hizo ni kulipa siku yenyewe, mwezi hata mwezi. Kinachozishusha ni kuchelewa, kuwa na mikopo mingi kwa wakati mmoja, na kubisha hodi kila mlango wa mkopeshaji katika wiki moja. Na asiyekopa kamwe hapati alama nzuri kwa sababu hiyo, maana hakuna cha kumpimia. Jambo hilo huwaudhi wazee, na mimi pia liliniudhi.

Lakini daftari hili halisahau. Mwaka 2021, baada ya kustaafu, niliomba mkopo wa kununua mashine ya boti yetu ya Msimbati. Binti aliyekaa mezani aliniamkia vizuri, akatazama kompyuta yake, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, jina lako limeshika." Limeshika nini? Shilingi 12,000! Mwaka 2016 nilikopa kwa simu nikiwa Dar es Salaam, nijazie nauli ya basi. Wiki ile ile simu ikaanguka majini nikivuka Ruvuma pale Kilambo, nikanunua laini nyingine, na deni nikalisahau kabisa. Mimi, katibu wa kamati ya mikopo!

Nililipa siku ile ile. Nilidhani yamekwisha. Kumbe kulipa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha mkopeshaji amepeleka habari kwamba umelipa. Nilidai barua ya kumaliza deni, nikaomba taarifa yangu, nikaisoma mstari kwa mstari. Haki hiyo kila mkopaji anayo: kuomba taarifa yake, na pakiwa na kosa kulipinga kwa maandishi mpaka lirekebishwe. Mtazame hasa namba ya kitambulisho cha Taifa, si jina tu. Ndugu yetu wa safu ya tatu hakuwa na mlango kama huo wa kugonga.

Ninyi vijana, wengi wenu mtasoma chuo kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Huo nao ni mkopo. Mkiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Msipoajiriwa deni halilali, nendeni wenyewe mkapange namna ya kulipa. Mkishindwa kulipa deni lolote, semeni kabla ya siku kufika. Mkopeshaji aliyeambiwa mapema anaweza kupanga upya. Aliyekimbiwa anaandika tu.

Na wazazi wenu vijijini? Mkulima wa Kitaya au Mahurunga anakosa fedha wakati wa kupuliza salfa. Anamwendea mtu wa kangomba, anaahidi korosho ambazo hazijaanguka, kwa bei ya kulilia. Mjini nako wapo wa kausha damu. Si kwamba mkulima huyu si mwaminifu; uaminifu wake haujaandikwa popote. Tangu stakabadhi ghalani ilipoanza huku mwaka 2007, amezoea kulipwa kupitia chama chake cha msingi, na fedha kuingia benki. Lakini wengi huzitoa zote siku ile ile, na akaunti inabaki kama ganda la kifuu. Kijana anayejua kusoma amsaidie baba yake kuitunza akaunti hiyo. Itunzwe kwa jina la baba, si la kijana. Nalisema hili kwa sababu nimeliona.

Mkopo wangu nilikuja kuupata, bei ya mashine ikiwa imekwisha panda. Sasa imefungwa, na boti iko Msimbati. Anayetaka kuja kuiona karibu sana, ila samaki ni kwa fedha taslimu.