Dawa ya Kupaka Nayo ni Dawa

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi)



Kamati iliniomba niseme neno litakalowafaa wazee na vijana kwa pamoja. Nimechagua maumivu ya viungo, na hasa dawa zile za kupaka ambazo siku hizi zimo karibu katika kila nyumba yetu. Mimi si mganga. Ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ni ya mezani. Lakini Chuo Kikuu nilisoma kemia, na haya nitakayosema ni yale ambayo mtu aliyepata elimu anapaswa kuweza kuwaeleza watu wa kwao.

Mifano haiko mbali. Huku milimani Mbinga mama zetu wamelima ngoro tangu usichana wao. Nyasi zikishafyekwa na kupangwa miraba, wao huchimba udongo na kuzifunika, wameinama kwenye mteremko kutwa nzima. Kule ziwani, Lituhi, Liuli hadi Mbamba Bay, baba zetu huvuta nyavu usiku na kusukuma mitumbwi mchangani alfajiri. Kazi hizo ndizo zilizotulipia karo. Na magoti yale, viuno vile na vidole vile sasa vinauma.

Sisi huyaita yote hayo baridi yabisi, tukailaumu baridi ya milimani au maji ya ziwa. Kwa kweli magonjwa ya viungo ni mengi. Lililo la kawaida zaidi ni kulika kwa gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, kwa sababu ya umri, uzito wa mwili, maumivu ya zamani au kazi nzito za miaka mingi. La pili ni lile ambalo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vyake wenyewe. La tatu ni jongo, linaloletwa na chembe za asidi zinazojikusanya kwenye kiungo. Dawa ya kupaka ninayoisemea leo inafaa hasa kwa lile la kwanza, na hasa kwenye magoti na mikono, ambako kiungo kiko karibu na ngozi. Kwenye nyonga, kilichozama ndani ya nyama, usiitegemee.

Dawa hiyo hufanyaje kazi? Mwaka 1971 mtaalamu wa Kiingereza, John Vane, alionyesha kuwa aspirini huzuia mwili usitengeneze vitu viitwavyo prostaglandini. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Prostaglandini ndizo zinazochochea uvimbe na maumivu; lakini ndizo hizo hizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia figo. Ndiyo maana vidonge vya jamii hiyo, kama vile diklofenaki, na ibuprofeni ambayo wengi huiita brufeni, hutuliza goti huku vikiweza kutoboa tumbo.

Hapo ndipo ilipo faida ya jeli. Mtu akipaka jeli ya diklofenaki gotini kwa kipimo cha kawaida, dawa inayoingia katika damu ni kama sehemu 6 tu kwa 100 ya ile ambayo ingeingia kwa vidonge. Kwa sababu hiyo, mwaka 2022 taasisi inayowaongoza waganga wa Uingereza ilishauri kwamba mwenye goti lililolika apewe kwanza dawa ya kupaka kabla ya vidonge. Tusiisifu kupita kiasi, hata hivyo. Majaribio yaliyojumlishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba, baada ya majuma 6 hadi 12, watu kama 6 kati ya 10 waliopaka diklofenaki walipata nafuu kubwa. Na waliopaka jeli isiyo na dawa walikuwa 5 kati ya 10. Inasaidia, lakini haioteshi gegedu jipya.

Sasa nije kwenye kipimo, maana hapa wengi hupotea. Kwa goti moja hupakwa gramu 2 hadi 4, mara 3 au 4 kwa siku, kama maelezo ya boksi yanavyosema. Gramu 4 ni karibu kijiko cha chai kisichojaa. Pigeni hesabu: tyubu ya gramu 30, kwa gramu 2 mara 3 kwa siku, huisha siku ya 5. Mzee anayeipaka kidogo kidogo kama mafuta ya nywele ili imfikishe mwisho wa mwezi hapati dawa, kisha husema ni ya bandia. Kama fedha ni chache, afadhali atibu ipasavyo goti moja linalomtesa zaidi kuliko kuipitisha mwili mzima.

Ipakwe juu ya ngozi nzima, safi na kavu; isipakwe penye kidonda, mchubuko au upele, wala isifike machoni na mdomoni. Mtu anawe mikono baadaye. Kama mikono ndiyo inayotibiwa, asubiri saa nzima kwanza. Kwa hiyo mvuvi asipake halafu akaingia majini mara moja, maana atakuwa ameitibu ziwa. Asifunge bendeji ya kubana wala mfuko wa nailoni juu yake, wala asikande kwa maji ya moto mahali palipopakwa. Kukanda kuwe na saa yake. Aidha, ngozi iliyopakwa ifunikwe kwa nguo dhidi ya jua. Jeli ya ketoprofeni hasa inaweza kuunguza ngozi juani, na tahadhari hiyo huendelea majuma 2 baada ya kuiacha.

Ndugu Mwenyekiti, kosa lililo kubwa kuliko yote ni kuchanganya. Mmoja wa wajomba zangu, mvuvi wa upande wa ziwani, alinunua jeli. Goti lilipochelewa kutulia akaongeza vidonge vya aina mbili alivyovipata gulioni. Majina ya biashara yalikuwa matatu, naye akaamini ana dawa tatu mbalimbali. Kumbe jeli na vidonge vya kwanza vilikuwa diklofenaki, na vya pili ibuprofeni: jamii moja, mzigo juu ya mzigo. Siku ya kumi alianza kupata choo cheusi kama lami. Alipofikishwa hospitali aliongezewa damu, akapona, kwa kuwa mashua ilipatikana na ziwa lilikuwa shwari. Faida yote ya jeli ni kuliepusha tumbo. Ukimeza vidonge vya jamii ile ile juu yake, umeitupa faida hiyo.

Wako pia ambao hawapaswi kuipaka mpaka wamwone mganga: mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, mwenye pumu inayochochewa na aspirini, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mama mjamzito, hasa kuanzia wiki ya 20.

Kuhusu mahali pa kununua, mkoa wetu una historia ya kujivunia. Mwaka 2003 Ruvuma ulikuwa mkoa wa kwanza nchini kujaribiwa mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ambao wauzaji wake hufunzwa na maduka yao kukaguliwa. Kutoka hapa mpango ukaenea Tanzania Bara. Tuyatumie. Gulioni tyubu hukaa juani, na tyubu zinafanana. Nyingine ni krimu za steroidi za kutibu upele, ambazo hazimfai mwenye goti na zikipakwa muda mrefu hukonda ngozi. Nyingine ni dawa za kuchua zenye harufu kali. Hizo hupasha ngozi moto tu, na nyingi zina methili salisileti. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta yake halisi kinaweza kumwua mtoto mdogo akiyanywa. Ziwekwe juu, mbali na watoto.

Tena, zipo dalili zisizongojea jeli: kiungo kilichovimba ghafla, chekundu na cha moto, pamoja na homa, mtoto anayeumwa viungo baada ya koo kumwuma, mtu asiyeweza kukanyaga baada ya kuanguka. Hao wapelekwe zahanati siku hiyo hiyo, na ikibidi hospitali, iwe Liuli, Litembo au Peramiho. Na hata kwa goti la kawaida, kama majuma 2 au 3 yamepita bila nafuu, mganga aulizwe. Misuli ya mapaja nayo iimarishwe kwa mazoezi, kama vile kuketi kitini na kusimama mara kadhaa kila siku, maana misuli ndiyo inayolibebea goti mzigo.

Neno la mwisho ni lenu, wadogo zangu. Karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, na bibi yako hawezi kuisoma. Wewe unaweza. Mtakapofunga shule na kurudi nyumbani, ombeni kwa adabu mwonyeshwe dawa zote zilizomo ndani. Msitazame jina kubwa la biashara. Tafuteni jina dogo lililo chini yake, Diclofenac, Ibuprofen, na mengineyo. Mkiliona jina moja mahali pawili, au mkiona jeli na vidonge vya jamii moja, waambieni wazee wasimeze hivyo vidonge kabla ya kumwuliza mganga, na mwende nao, mkiwa na maboksi yote mkononi. Tazameni pia tarehe ya mwisho wa matumizi. Kazi hiyo haichukui nusu saa, na elimu mnayoipata hapa inawatosha kuifanya.