Pombe, Wasiwasi na Kinga ya Ubongo



Mtu akiumia mguu, kidonda huvimba na kupata moto. Hiyo ni kazi ya kinga ya mwili. Ubongo nao una kinga yake, na pombe nyingi ya muda mrefu huichokoza.

Mwaka 2021, watafiti wa taasisi ya Scripps Research huko Marekani walieleza waliyoyaona kwa panya waliozoeshwa pombe. Katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, protini ya kutuliza uvimbe iitwayo interlukini-10 ilikuwa imepungua. Walipoiongeza nguvu, panya walipunguza kunywa na wasiwasi wao ukashuka.

Panya si binadamu, na hiyo bado si dawa ya hospitali. Lakini inaonyesha kwamba anayeshindwa kuacha pombe si mkaidi tu. Ubongo wake umebadilika, na wasiwasi unaomjia akiikosa humrudisha kwenye chupa.

Kwa hivyo, familia isimfiche kwa aibu wala kumfungia nyumbani. Aliyekunywa sana kila siku, akikatizwa ghafla, anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuanguka kifafa, hata kufa. Apelekwe kituo cha afya kwanza, aache chini ya uangalizi wa mhudumu. Kwa ushauri, piga simu ya bure ya NACADA, 1192.

Mgonjwa hutibiwa, hatengwi.