Shangingi, Matairi na Theluji ya Milima ya Colorado

(Hotuba iliyotolewa bwaloni siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wetu aliponiandikia nije niseme machache, alinitaka nieleze maisha ya Marekani kwa jumla. Nilimjibu kwamba maisha ya Marekani kwa jumla siyajui. Ninayoyajua ni ya Denver, katika jimbo la Colorado, ambako nimeendesha gari majira mengi ya baridi. Huko kila mwaka tunapokea vijana wapya kutoka huku kwetu, wengine wamelala katika mabweni haya haya, na aghalabu mtu akishapata fedha kidogo hununua gari kubwa la juu, lile mnaloliita shangingi. Basi nitasema juu ya jambo moja tu: shangingi lenye matairi ya misimu yote, katika theluji nyingi ya milimani. Msicheke. Humu ndani wamo watakaolihitaji.

Kwanza mpajue mahali penyewe. Denver iko kwenye kimo cha meta 1,600 hivi. Ukitoka mjini kuelekea magharibi kwa Barabara Kuu ya 70, unapanda karibu kilometa 95 mpaka ufike handaki la Eisenhower, lililotobolewa chini ya mgongo wa milima ya Rocky kwenye kimo cha meta 3,400 hivi. Njia yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1973, na ya pili mwaka 1979. Wale waliopanda Kilimanjaro watanielewa nikisema kwamba kimo hicho kimekwisha kuipita Mandara na kinaikaribia Horombo. Lakini pale hupandi kwa miguu na fimbo, bali unapita na malori, mabasi na watu waendao kuteleza kwenye theluji, usiku na mchana. Mara nyingi utaondoka Denver jua linawaka na lami ni kavu, na baada ya saa moja huoni boneti ya gari lako mwenyewe.

Sasa tuje kwenye tairi. Mwaka 1977 kampuni ya Goodyear ilitoa tairi liitwalo Tiempo, na tangu hapo Wamarekani wengi wakaacha desturi ya kubadilisha matairi kila baridi inapoingia. Tairi la misimu yote ni kama koti moja la kuvalia harusini na shambani. Linafaa lami kavu, linafaa mvua, linafaa hata theluji kidogo ya mjini. Lakini mpira wake umechanganywa ili usiyeyuke upesi wakati wa joto, na joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, huanza kukakamaa. Tairi la baridi limetengenezwa kwa mchanganyiko mwingine, hubaki laini hata maji yakiganda, na meno yake yana chanjo nyembamba nyingi kama za wembe, zinazofunguka na kuuma theluji. Tena theluji hushikana na theluji: ile inayojaa ndani ya meno ya tairi ndiyo inayoishika ile iliyo barabarani.

Kijana atakuambia, "Lakini tairi langu lina M na S, yaani matope na theluji." Ni kweli, limeandikwa. Herufi hizo hutolewa kwa kuangalia umbo la meno na mifereji yake. Hazihitaji tairi lijaribiwe juu ya theluji hata siku moja. Alama yenye uzito ni mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Ujerumani walikwisha kuliona jambo hili: tangu Oktoba 2024, panapotakiwa matairi ya baridi, M na S peke yake haikubaliki tena. Na hata huo mlima wa vilele vitatu, katika jaribio la Kimarekani, hupimwa kwa nguvu ya tairi kuvuta mbele juu ya theluji. Kusimama ni habari nyingine.

Na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Shangingi huvuta kwa magurudumu yote manne. Sisi tuliokulia kwenye barabara za udongo tunaipenda sana sifa hiyo, kwa kuwa wakati wa masika ndiyo iliyotutoa matopeni. Lakini adui wa matopeni ni kukwama. Adui wa mlimani ni kushindwa kusimama, na katika kusimama kila gari, hata lile dogo la bei ya chini, hufunga breki magurudumu yote manne. Shangingi halina gurudumu la tano. Linachokupa ni uwezo wa kuondoka haraka, na kwa hiyo linakuficha utelezi mpaka unapokanyaga breki.

Wanafunzi wa fizikia, chukueni kalamu. Gari linakwenda meta 14 kwa sekunde, yaani kilometa 50 kwa saa. Umbali wa kusimama ni mwendo mara mwendo, gawanya kwa mara mbili ya nguvu ya uvutano mara msuguano. Utaona kwamba uzito wa gari umefutika kabisa katika hesabu. Tani tatu hazisimami upesi kuliko tani moja. Mahali tambarare, jibu ni meta 10 gawanya kwa msuguano. Lami kavu ina msuguano wa 0.7 hivi: meta 14. Theluji iliyoshindiliwa, 0.2: meta 50. Sasa teremsheni barabara kwa asilimia 6, kama zilivyo sehemu nyingi za njia hiyo. Mteremko unakula 0.06 ya msuguano wako, inabaki 0.14, na meta 50 zinakuwa 71. Ikiwa ni barafu ya 0.1, inabaki 0.04, na gari litahitaji meta 250. Kiwanja chetu cha mpira hakitoshi, wala viwili havitoshi. Tuseme basi tairi bora linakuongezea 0.05 tu pale kwenye theluji: zile meta 71 zinashuka kuwa 53. Meta 18 ni malori mawili ya mizigo yaliyosimama mbele yako.

Majira fulani ya baridi nilikuwa nikishuka kutoka handakini kurudi Denver, theluji inaanguka kwa mafungu. Gari kubwa jeusi lilinipita kwa mwendo wa mtu anayewahi feri. Kilometa chache mbele nililikuta limetoka barabarani, pua imezama kwenye rundo la theluji lililosukumwa na magreda. Nilisimama mbali kidogo, nikaenda kwa miguu. Ndani alikuwamo kijana wa kutoka Bukavu, mkewe, na mtoto wa miezi michache. Hawakuumia. Waliacha injini ikinguruma ili wapate joto, madirisha yote wameyafunga. Nilipozunguka nyuma niliona bomba la moshi limefukiwa kabisa. Kabla ya salamu nilipiga dirisha nikamwambia azime gari na afungue milango, kisha nikaanza kufukua kwa mikono. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na ukikosa pa kutokea nyuma hupenya ndani. Mtu husinzia, naye hudhani ni uchovu. Mama alikuwa amekwisha kulalamika kichwa kinamuuma. Yule kijana alirudia maneno yale yale: "Lakini gari hii inavuta kwa miguu yote mine." Matairi yake niliyatazama. M na S ilikuwepo, na meno yalikuwa yamebaki kidogo sana.

Sheria ya Colorado inasemaje? Tangu mwaka 2019, kati ya Morrison na Dotsero kwenye barabara hiyo, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, gari la magurudumu manne lazima liwe na meno ya inchi 3 kwa 16, karibu milimita 5. Gari linalovuta kwa magurudumu mawili lina masharti yake ya matairi na minyororo. Hali ikiwa mbaya sana, kabla ya kufunga njia, wakubwa wa barabara huweza kuamuru minyororo ifungwe. Faini ya mwenye kuvunja sheria huanzia zaidi ya dola 100, na akiziba njia huzidi dola 600. Mwenye matairi ya misimu yote yaliyo mazima anaruhusiwa kupita. Anaruhusiwa, zile meta 71 zake zipo pale pale.

Kwa hiyo nawaambia wageni wetu hivi. Kama kila wiki unapanda milimani, nunua matairi manne ya baridi, manne kamili. Ukifunga mawili, upande mmoja utashika na mwingine utakuzungusha. Yale ya zamani yatapumzika ghalani, kwa hiyo hasara si kubwa kama inavyodhaniwa. Kama unapanda mara mbili kwa mwaka, yako matairi ya kati, yenye ule mlima wa vilele vitatu, ambayo hayabadilishwi. Na kama huna hata hayo, subiri kesho. Hakuna harusi Vail isiyoweza kukusamehe.

Njiani, shuka kwa gia ndogo kabla ya mteremko. Breki za kisasa zikianza kutetemeka mguuni, usiachie. Ndivyo zinavyofanya kazi, endelea kukanyaga. Pima upepo asubuhi, maana baridi huupunguza. Minyororo jifunze kuifunga nyumbani mchana, na usome kitabu cha gari kwanza, kwani mashangingi mengine hayana nafasi ya kutosha kwenye matao ya magurudumu. Weka garini sepetu, blanketi na maji. Ukikwama, bomba la moshi kwanza, joto baadaye.

Ndugu Mwenyekiti, naona mpishi ananipungia mkono pale mlangoni. Nilikuja na vipande viwili vya tairi, kimoja cha misimu yote na kimoja cha baridi, naye alikubali kuviweka ndani ya friza tangu jana usiku, kando ya samaki. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu waje mbele waanze kuvipinda. Njooni upesi, maana kwa joto la hapa baada ya dakika chache vitakuwa laini vyote viwili.