Dawa ya Deni Kulipa: Haki ya Kontrakta Aliyemaliza Kazi ya Serikali

(Hotuba kwa wanachama)



Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo ambalo wengi hulidhani ni la matajiri peke yao, nalo ni haki ya kontrakta, au mkandarasi kama aitwavyo leo, aliyejenga skuli au barabara ya Serikali, akaimaliza, akaikabidhi, kisha asilipwe. Sisi twasema jambo hili ni la kila mwananchi. Kontrakta asipolipwa, mwashi halipwi, seremala halipwi, kibarua aliyebeba zege halipwi, na mwenye duka aliyetoa saruji kwa mkopo hufilisika. Na siku deni litakapolipwa, riba yake itatoka katika mfuko wa kodi, yaani mfuko wetu sote.

Yapasa tubainishe kwanza mpaka wa maneno yetu. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na Mwanasheria Mkuu wake. Sheria tutakazozitaja ni za Tanzania Bara, kwa kuwa mkataba wa barabara ya Bara ndio uliozaa kesi mashuhuri tutakayoieleza, na kwa kuwa wamo miongoni mwetu wanaovuka bahari kutafuta kazi huko.

Silaha ya kwanza ya kontrakta ni mkataba wenyewe. Kazi nyingi kubwa hufuata mfano uliotungwa na FIDIC, shirikisho la wahandisi lenye makao yake Geneva, Uswisi. Katika mkataba wao wa mwaka 1999, kontrakta hupeleka hesabu ya kazi aliyoifanya. Mhandisi msimamizi huikagua na kutoa hati ya malipo ndani ya siku 28. Na mwenye kazi hutakiwa kulipa ndani ya siku 56 tangu mhandisi alipoipokea hesabu ile. Akichelewa, deni huzaa riba bila ya kontrakta kuandika barua yoyote ya kuidai. Tena kontrakta aweza kutoa notisi ya siku 21, kisha akaisimamisha kazi mpaka alipwe.

Lakini tazameni udhaifu wa silaha hii. Humfaa yule ambaye kazi ingali mkononi mwake. Aliyekwisha kukabidhi funguo, na watoto wakaingia madarasani, atasimamisha nini? Yeye ndiye mnyonge kuliko wote, na kwake yamebaki mambo matatu tu: riba, wasuluhishi na mahakama.

Basi na tuiendee mahakama. Zamani za ukoloni, raia hakuweza kuishitaki Serikali kama amshitakivyo jirani yake, kwani sheria ya Kiingereza ilishikilia kwamba Mfalme hakosei. Waingereza wenyewe waliilegeza kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 1947. Kenya ikapata sheria ya namna hiyo mwaka 1956, na Tanzania mwaka 1967. Hata hivyo, huko Bara ilikuwa bado lazima mdai aombe kwanza ruhusa ya Serikali ile ile anayotaka kuishitaki. Kesi ya ngedere kumpa nyani! Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaamua kwamba sharti hilo linavunja Katiba, kwani linamzuilia mtu mlango wa mahakama. Mwaka 1994 sheria ikabadilishwa, na mahali pa ruhusa pakawekwa notisi ya siku 90.

Kwa hivyo kontrakta hutoa notisi kwa wizara au idara inayohusika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu, hungoja siku 90, kisha hufungua shauri katika Mahakama Kuu. Marekebisho ya mwaka 2020 yameongeza kwamba hata anayeidai halmashauri, wakala wa Serikali au shirika la umma, lazima amuunganishe Mwanasheria Mkuu katika shauri lake.

Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi. Sheria ya ukomo wa muda humpa mdai wa mkataba miaka 6 tu. Serikali, inapodai yeye, imepewa miaka 60. Kontrakta anayeambiwa kila mwaka "ngoja bajeti ijayo" aweza kungoja mpaka haki yake ikafa mikononi mwake. Kinga yake ni barua. Serikali ikikiri deni kwa maandishi yaliyotiwa saini, kabla ya miaka 6 kwisha, hesabu ya miaka huanza upya. Ahadi ya mdomo, hata ikitolewa na mkubwa namna gani, haina uzito huo.

Sasa tuseme kontrakta ameshinda, na hukumu anayo mkononi. Mtu wa kawaida akishindwa kesi asilipe, dalali wa mahakama humkamatia gari au nyumba. Kwa Serikali, sheria ya 1967 imekataza kabisa. Hakuna mali ya Serikali iwezayo kukamatwa ili kukazia hukumu. Mshindi hupewa cheti cha mahakama kinachotaja kiasi anachostahili, akipeleke akangoje alipwe. Kinga hiyo yaufunika pia mwili wa halmashauri na mashirika ya umma.

Twakiri kwamba kinga hii haikuwekwa bila sababu. Haifai dalali aje kuondoa vitanda vya hospitali kwa ajili ya deni la daraja. Lakini kumkinga mgonjwa ni jambo moja, na kumkinga ofisa asiyetaka kulipa ni jambo jengine.

Mlango uliobaki wazi ni huu. Mwaka 1970 Mahakama Kuu ya Uganda iliamua kwamba, ijapokuwa mali ya Serikali haikamatwi, ofisa wa Hazina ambaye sheria imemtwika wajibu wa kulipa aweza kuamriwa na mahakama autimize wajibu huo. Amri hiyo humshika mtu, wala haishiki mali, na mwenye kuidharau huidharau mahakama. Hukumu ile imefuatwa mara nyingi katika Afrika Mashariki. Huko Bara, ruhusa ya kuomba amri ya namna hii hutakiwa iombwe ndani ya miezi 6; basi asilale mwenye cheti.

Ndugu wanachama, linganisheni safari hiyo ndefu na mkasa wa mwaka 2017. Kampuni ya Stirling Civil Engineering ilikuwa na tuzo ya wasuluhishi dhidi ya Serikali ya Tanzania, iliyotokana na mkataba wa barabara ya Wazo Hill hadi Bagamoyo. Deni pamoja na riba lilikuwa limepindukia dola milioni 38. Mwezi wa Agosti mwaka ule Bwana Tundu Lissu aliwatangazia wananchi kwamba ndege mpya ya Bombardier Q400, iliyonunuliwa kwa ajili ya shirika letu la ndege, imezuiliwa Kanada kwa ajili ya deni hilo. Ndege haikutua nyumbani mpaka mwaka 2018.

Iliwezekanaje? Upo Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao Tanzania iliingia mwaka 1964, unaoziwezesha tuzo za wasuluhishi kutambuliwa na kutekelezwa katika nchi nyengine. Na kinga ya sheria yetu ya 1967 inazifunga mahakama zetu tu, haivuki mpaka.

Hapo ndipo penye dhulma tunayotaka muione. Kampuni kubwa yenye mawakili ng'ambo yaweza kuishika ndege. Kontrakta mdogo wa hapa, aliyejenga zahanati kwa mkopo wa benki, hawezi kushika hata kiti cha ofisi. Serikali ni moja na deni ni deni, lakini mizani ni miwili, na mzito ni ule wa mgeni.

Basi twanasihi mambo mawili. Kwa makontrakta wetu: msikabidhi kazi bila hati ya makabidhiano, wekeni nakala ya kila hati ya malipo, daini barua ya kukiri deni kila mwaka, wala msiihesabu subira kuwa ni dawa. Kwa sisi wanachama: kila bajeti inaposomwa, tuwaulize wawakilishi wetu ni fedha kiasi gani zimetengwa kulipia hukumu na kazi zilizokwisha kukabidhiwa. Daraja jipya lisitiwe saini kabla ya lile la zamani kulipiwa.

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Serikali ihudhurie matanga yake kwa wakati, kwani kila siku inayochelewa, wanaolia ni mafundi na vibarua wetu.