Maji Yanayobaki: Kulitunza Jiko la Gesi la Kuchomea Linalokaa Nje, Ukanda wa Pwani



Nimeombwa nizungumzie namna ya kulikinga na mvua jiko la gesi la kuchomea nyama na samaki, lile linalokaa nje. Mada hii imekuja wakati wake. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na kwa wengi wetu gesi ya mitungi ndiyo iliyo karibu. Mchoma mishkaki mwenye jiko la mkaa la pipa lililokatwa hakuiogopa sana mvua. Ikinyesha alimwaga majivu, akaliinamisha pipa, kesho yake akawasha tena. Jiko la gesi lina matundu madogo, mpira, regulata, kiberiti cha kubonyeza na skrubu za metali tofauti tofauti. Limenunuliwa kwa fedha nyingi, na maji yakilipata pabaya huligeuza kuwa chombo cha hatari kabla mpishi hajatambua.

Nina jambo moja la kulishikilia leo. Maji yanayonyesha yakaondoka hulidhuru jiko kidogo. Yanayobaki ndiyo yanayolimaliza. Jiko lililolowa asubuhi likakauka mchana nalionea wasiwasi mdogo kuliko lile ambalo halijaguswa na tone la mvua lakini limefungwa mwezi mzima ndani ya nailoni isiyopitisha hewa. Kwa hiyo nitasema mengi kuhusu hewa, maana hewa inayokausha chuma ndiyo hiyo hiyo inayoondoa gesi iliyovuja na moshi usioonekana. Anayelikinga jiko kwa kulinyima hewa amepoteza vyote viwili.

Chumvi kabla ya mvua

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na oksijeni kwa pamoja, na chumvi huiharakisha kazi hiyo. Hapa pwani, ikivuma kusi au kaskazi, upepo hubeba vitone vidogo vya bahari na kuviacha kwenye kila kitu. Kikikauka kitone, chumvi hubaki. Chumvi ya kawaida ina tabia ambayo kila mpishi wa pwani ameiona ndani ya kikopo chake: unyevu wa hewa ukivuka takriban asilimia 75, huanza kuvuta maji kutoka hewani mpaka yenyewe iyeyuke. Usiku wa Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja au Mtwara huvuka kiwango hicho mara nyingi. Maana yake ni kwamba jiko lenye vumbi la chumvi hulowa mara nyingi usiku, hata katikati ya kiangazi.

Hapo ndipo wengi hushangaa. Angalieni jiko lililokaa ufukweni misimu kadhaa. Mara nyingi sehemu ya juu, iliyopigwa na masika, iko nafuu. Penye madoa ya kahawia ni chini ya rafu za pembeni, nyuma ya mfuniko, kwenye mikunjo, na pale palipokingwa na ukuta. Sehemu inayofikiwa na upepo lakini haifikiwi na mvua hukusanya chumvi bila kuoshwa. Kwa sababu hiyo, kinga ya kwanza ninayowashauri ni maji. Liosheni jiko likiwa limepoa, kwa maji matamu na sabuni ya vyombo, angalau kila wiki ikiwa mko karibu na ufuko, kisha likaushwe kwa kitambaa na kuachwa wazi juani. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai kwa kazi hii hata kidogo, na nasikitika kwamba hoteli nyingi za ufukweni huosha vyombo vya nje kwa maji hayo hayo.

Wakati wa kununua, msidanganywe na mng'ao. Stenlesi ya daraja la 304 ina takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli. Daraja la 316 huongezewa molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, na hilo ndilo linalostahimili chumvi vizuri zaidi. Majiko mengi ya bei nafuu hutengenezwa kwa daraja la 430, lisilo na nikeli ya maana, ambalo huanza kuonyesha madoa mapema. Chukueni sumaku ndogo dukani. Ikinata kwa nguvu kwenye bati la jiko, hilo si 304 wala 316. Isiponata, bado hamjajua ni daraja lipi, kwa hiyo muulizeni muuzaji awaonyeshe maandishi ya kiwanda.

Wapo wanaoharibu stenlesi nzuri kwa mikono yao. Waya wa chuma wa kusugulia masufuria huacha chembe za chuma juu ya stenlesi, na chembe hizo hushika kutu zikaonekana kana kwamba jiko lenyewe limeoza. Dawa ya kupaushia yenye klorini nayo hutoboa utando mwembamba unaoilinda metali hiyo. Tumieni sponji, na fuateni mistari ya bati. Kwenye skrubu, angalieni penye mguu wa alumini uliofungwa kwa skrubu ya stenlesi: metali mbili tofauti zikilowa maji ya chumvi pamoja, alumini huliwa na kuacha unga mweupe. Grisi kidogo kwenye uzi wa skrubu wakati wa kufunga husaidia sana.

Wavu wa chuma cha kusubu una kinga yake ya mafuta. Kila baada ya kupika, usugueni ukiwa wa moto, upakeni mafuta kidogo, uacheni upate joto tena. Wapishi wetu hupenda kutumia mafuta ya nazi kwa sababu yapo. Kwa kazi hii hayafai: hayagandi kuwa ngozi ngumu juu ya chuma, hubaki kuwa mafuta tu na mvua huyaondoa. Mafuta ya alizeti hushika vizuri zaidi. Pakeni kidogo, yakizidi hunata na kukusanya vumbi.

Kifuniko, na maji yanayotoka kwenye moto

Kuna maji ambayo hayatoki mawinguni. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili zina haidrojeni nyingi. Zinapoungua, haidrojeni hiyo huungana na oksijeni kuwa mvuke wa maji. Kilo moja ya gesi ikiungua yote hutoa takriban kilo 1.6 za maji. Hesabu hiyo huwashtua watu, lakini ndivyo ilivyo. Sehemu kubwa hupanda na moshi. Ila jiko likiwashwa likiwa baridi kisha likazimwa haraka, mvuke hugeuka matone kwenye kuta za ndani na chini ya mfuniko, ukichanganyika na chumvi na mafuta ya nyama. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba chakula kikishatoka, jiko liachwe liwake dakika 10 hadi 15 mfuniko ukiwa chini ili ndani kukauke, kisha lizimwe, mfuniko ufunguliwe, lipoe kabisa. Baada ya hapo ndipo lifunikwe.

Kifuniko chenyewe kiwe cha kitambaa kizito kilichotiwa kinga ya maji, chenye matundu ya hewa pembeni juu, na kisifike sakafuni. Nailoni nyepesi inayofungwa kwa kamba chini hubana unyevu ndani. Mchana jua linaufanya mvuke, usiku unarudi kuwa matone juu ya chuma, na kesho yake hivyo hivyo. Ni kama nguo iliyokunjwa mbichi ikawekwa sandukuni. Katika masika ya Machi hadi Mei, kila siku jua linapotoka hata kwa saa moja, ondoeni kifuniko kikauke, na jiko lipate upepo. Kazi hii iandikwe kwenye zamu ya mtu anayejulikana. Isipokuwa ya mtu, haifanyiki.

Hoteli nyingi zimekwepa mvua kwa kuliweka jiko chini ya banda la makuti. Hili nalipinga kwa nguvu zote. Makuti makavu huwaka kwa cheche moja ya mafuta ya nyama, na moto wa makuti hausubiri ndoo. Jengeni kipaa cha bati, kilicho juu ya mfuniko na joto la jiko, pande tatu wazi, sakafu ya saruji yenye mteremko ili maji yasituame miguuni mwa jiko.

Pale maji yanapogusa gesi

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kutu huharibu mali lakini haya yanahusu maisha.

Regulata ina tundu dogo la kupumulia, na ndani yake kuna utando wa mpira unaocheza juu na chini kurekebisha shinikizo. Maji, matope au nyumba ya mdudu yakiziba tundu hilo, utando haupumui, na gesi inayofika kwenye jiko inaweza kuwa pungufu au kuzidi. Tundu lielekezwe chini au pembeni kiasi cha kutoshika mvua, na regulata isiachwe wazi juu ya mtungi chini ya mfereji wa paa. Regulata iliyozama majini isikaushwe ikarudishwa kazini. Nunueni mpya, bei yake ni ndogo ukilinganisha na inachokilinda.

Vichomeo navyo ni mirija yenye matundu. Kutu hubanduka ndani ikaziba matundu mengine na kuyapanua mengine. Buibui hupenda kutaga kwenye mdomo wa mrija ambapo gesi huchanganyika na hewa. Gesi isipopata njia ya mbele hurudi nyuma, ikawaka chini ya vitasa. Mwali mzuri ni wa bluu. Mkiona mwali wa njano mrefu, au upande mmoja unawaka na mwingine umekufa baada ya siku za mvua, zimeni, tenganisheni mtungi, vueni vichomeo, visafisheni kwa brashi nyembamba na mvitikise vikauke kabla ya kurudisha. Kiberiti cha kubonyeza kikikataa baada ya mvua, mara nyingi ni unyevu kwenye ncha yake ya udongo mweupe. Kikausheni kwa kitambaa. Msiendelee kubonyeza huku gesi imefunguliwa, mfuniko umefungwa. Fungeni gesi, fungueni mfuniko, subirini dakika 5 gesi iondoke.

Trei ya mafuta husahauliwa. Mvua hujaa ndani yake, mafuta huelea juu, na jiko likiwashwa maji ya chini huchemka. Maji yakiwa mvuke hujaza nafasi takriban mara 1,700 ya ile ya mwanzo, nayo huyarusha mafuta kwenye moto. Kabla ya kuwasha, kila mara, chomoeni trei mkaimwage. Kwa sababu hiyo hiyo moto wa mafuta hauzimwi kwa maji: fungeni gesi, shusheni mfuniko.

Sasa mvua ikikamata watu katikati ya kupika. Wateja wamekaa, nyama iko nusu, na mtu anasema tulivute jiko ndani ya banda, au tushushe turubai pande zote. Nawaombeni sana, msifanye hivyo. Jiko linalokosa hewa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua. Na gesi ya mtungi yenyewe ni nzito kuliko hewa, propani takriban mara moja na nusu, butani mara mbili, hivyo ikivuja hutambaa chini na kujikusanya kwenye mashimo na mifereji, ikisubiri cheche ya friji. Mvua ikizidi, zimeni na mmalizie nyama kwenye jiko la ndani lililojengwa kwa kazi hiyo. Mteja atasubiri.

Mtungi

Mtungi, uwe wa kilo 6, 15 au 38, huanza kuoza kitakoni. Uwekwe juu ya matofali au vipande vya mbao vilivyoachana, wima, nje penye hewa, na usivishwe mfuko wa plastiki. Mnapobadilisha, ukagueni kitakoni na kwenye shingo. Wenye kutu inayobanduka msiupokee kwa wakala. Kisha pakeni maji ya sabuni kwenye kila kiungo na kwenye mpira wote, mkitafuta mapovu. Kiberiti si kipimo cha uvujaji.

Kwa walio kwenye maeneo yanayofurika, kama mabonde ya Dar es Salaam, kuna jambo la kujua: gesi ikiwa kimiminika uzito wake ni karibu nusu ya maji, kwa hiyo hata mtungi uliojaa unaweza kuelea. Maji yakiuinua huvuta mpira mpaka ukatike. Mvua kubwa ikitabiriwa, fungeni valvu, tenganisheni regulata, na mtungi ufungwe kwa mnyororo kwenye nguzo au upandishwe mahali pa juu penye hewa. Mtungi uliochukuliwa na maji na kuokotwa usitumike; mjulisheni wakala wa kampuni yake auchukue.

Baada ya chai, jiko lililoko uani litafunguliwa mbele yenu, tuanze na trei na vichomeo, kisha kila mmoja atapaka maji ya sabuni kwenye viungo kwa mkono wake.