Hotuba ya Mwenyekiti: Maji ya Paa na Kodi ya Nyumba



Kikundi chetu kimetimiza miaka kumi. Habari za hisa na mikopo mtazisoma kwenye taarifa ya Mweka Hazina, humu humu kitabuni. Sisi tunataka kusema juu ya maji.

Tunaishi Bonde la Msimbazi. Mto huu unatoka milima ya Pugu, lakini maji yanayoingia vyumbani mwetu si ya Pugu yote. Mengine ni ya mapaa yetu wenyewe. Hesabu yake nyepesi: mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi paa la mita za mraba 60, ikinyesha milimita 50, linamwaga lita 3,000. Ndoo 150 hizo, nyumba moja tu! Zamani yalizama kwenye mchanga wa uwanjani. Siku hizi kila mtu anasakafia uwanja mpaka ukutani, eti usafi, na maji yanamkimbilia jirani wa chini. Humo humo wapo wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha, na tunawajua. Desemba 2011 mafuriko ya jiji hili yaliua watu wapatao 40.

Kwa hiyo wenzetu kadhaa wamekopa kikundini, wakaweka gata na tangi. Nyuma ya nyumba wamechimba shimo wakalijaza mawe na kokoto, ili maji yanayofurika kwenye tangi yazame taratibu. Shimo liwe mbali na choo na mbali na msingi. Penye udongo wa mfinyanzi halifai sana, hapo heri tangi kubwa na kupanda majani.

Sasa kodi. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Mwaka 2023 ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka. Anayezuia maji na anayemmwagia jirani wanalipa sawasawa. Haki iko wapi hapo?

Kijana wa mwenzetu aliyeko chuoni alitutafutia habari za wengine. Miji mingi ya Ujerumani hutoza ada ya maji ya mvua kwa kupima eneo lililofunikwa. Mwenye bustani hulipa kidogo. New York mwaka 2008 ilipata sheria ya kumpunguzia kodi mwenye jengo anayepanda majani juu ya paa. Na hapa kwetu msamaha si jambo geni, maana wazee wa miaka 60 wamesamehewa nyumba wanayoishi.

Tunaomba nusu, shilingi 9,000 kwa mwaka. Hainunui tangi, tunajua. Lakini mkopaji akiona kuna kinachorudi kila mwaka anapata moyo, na atakayekuja kukagua tangi ataona na viwanja vyetu vilivyo.

Na wapangaji wasisahauliwe, jamani. Kodi ni ya mwenye nyumba, ila inakatwa kwenye mita anayotumia mpangaji. Tangi anunue mpangaji halafu punguzo ale mwingine? Hilo liandikwe wazi.

Mheshimiwa Diwani, kodi hii ni ya Bunge, siyo yako. Bajeti husomwa Juni. Barua yetu kwa Mheshimiwa Mbunge imesainiwa na wanachama wote, na Katibu atakukabidhi kabla ya chakula.